Theluji Hubanika Vizuri

Saa nane usiku mtambo huamka pasipo mtu kuuamsha.
Hukusanya picha za siku nzima, ishirini na nne,
moja kwa kila saa, za giza zikiwemo,
huzibana, huzifunga kifurushi kimoja,
huzirusha kwenye setilaiti kabla ya saa kumi,
maana baada ya hapo dirisha hufungwa, na betri ya kule juu
ni ile ile tuliyoipandisha kwa mgongo wa nyumbu.

Mimi nipo chini, El Alto, ghorofa ya tatu,
blanketi magotini, chai ya koka imeshapoa.
Mipangilio ni yangu: mistari kumi na saba
niliyoiandika miaka kumi na minne iliyopita,
nikiamini bado kwamba namba ni namba tu.

*Kiwango cha kubana: sita.*
*Kikomo cha kifurushi: mega arobaini.*
*Kikizidi: usitume, piga kengele.*

Tangu Agosti kengele inalia.

Jumatatu. Jumatano. Kisha kila usiku.
Nikadhani ni kasoro; fundi huanza na kasoro.
Nikapandisha sita hadi tisa.
Tisa ni bahili, hukamua
hata nguo iliyokwisha kauka.
Kichakataji kikachemka, saa kumi ikakipita,
kulipokucha betri ilikuwa hoi na picha hazikufika.
Nikashuka hadi saba. Nane niliiruka kwa hasira,
nikairudia kwa aibu.
Nilichookoa: mega moja na nusu.

Severo Condori akasema, punguza ubora wa picha,
nani atajua?
Nikapunguza.
Ukingo wa barafu ukageuka vigae,
mraba juu ya mraba, kama ngazi iliyochorwa na mtoto.
Naye ndiye anayeupima ukingo ule, mita kwa mita.
Akatazama, akakohoa, akasema: rudisha.

Basi nikafanya nililopaswa kulifanya kwanza.
Nikafungua kumbukumbu za zamani; si picha, uzito wake tu.
Mwaka wa kwanza, mega kumi na moja.
Kumi na mbili. Kumi na mbili tena. Kumi na tano.
Mwaka wa ukame, ishirini na moja.
Thelathini na nne.
Kamera ile ile, lenzi ile ile,
haijasogea hata unywele.

Nikaelewa polepole, kama ganzi inavyotoka mguuni.

Theluji hubanika vizuri.
Nyeupe, nyeupe, nyeupe: mtambo huandika
"nyeupe mara elfu" ukaenda zake.
Mwamba haubaniki.
Mwamba una nyufa, una kutu, una kokoto
na kivuli cha kila kokoto;
hakuna jiwe linalokubali kusemewa na jirani yake.
Kila Janko alipovua shuka kidogo, faili lilinenepa kidogo.
Bandu bandu huisha gogo,
na gogo letu lilikuwa likihesabiwa kila usiku
kwenye safu ya mwisho ya jedwali nisilolisoma.

Mama aliniita Nayra. Kwa Kiaymara ni jicho,
na neno hilo hilo ndilo zamani:
yaliyopita yako mbele ya uso, ndiyo yanayoonekana.
Mwenye macho haambiwi tazama?
Aliyesema hivyo hakupewa kengele
akaizima miezi mitatu.

Nimerudisha sita.
Kikomo nimekipandisha hadi mega tisini,
kidole kikisita juu ya tisa,
kwa sababu kikomo ni utabiri
hata ukikiita mpangilio.
Severo ameuliza, tisini zitatosha hadi lini?
Sikumjibu. Nilikuwa nikitazama faili za usiku,
zile kumi na moja za giza,
kilobaiti chache kila moja, nyeusi mara elfu:
hizo hazijaongezeka tangu tuanze.

Siku ya ukungu kifurushi hushuka hadi mega tisa.
Nakiri, siku hizi naupenda ukungu.